Je, Kamba ya Pili Humlinda Mkwezi?

Katika toleo la kumi la uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, kuanguka kutoka mtini kumepewa alama yake: W14. Alama hiyo humweka mahali pamoja mkwezi aliyeteleza kwenye mnazi bila kamba yoyote ya kumshika, mchumaji karafuu aliyevunjikiwa na tawi, na mpogoaji miti aliyeikata kwa msumeno kamba iliyombeba. Kwa mtunza takwimu hilo ni tukio moja. Kwa anayetaka kujua kama vifaa vya akiba huongeza usalama, ni matukio matatu yasiyofanana, na kila moja lina jibu lake.

Mjadala kuhusu akiba hiyo umekuwa mkali Uingereza. Kanuni za kazi za mahali pa juu za mwaka 2005 nchini humo zinamtaka anayefanya kazi akiwa amening'inia awe na kamba mbili, kila moja imefungwa mahali pake. Hata hivyo, kanuni hizohizo huruhusu kamba moja pale ambapo ya pili ingeongeza hatari, na kwa miaka mingi wapogoaji miti waliegemea ruhusa hiyo. Mwongozo wa kazi yao wa mwaka 2020 uligeuza mambo: kamba mbili zikawa kawaida, na anayetumia moja akatakiwa kutoa sababu.

Wapinzani hawakuwa wakaidi tu. Kamba mbili hunasa katika matawi, humchelewesha mtu juu na kuichosha mikono yake. Wapo pia wanaodai kwamba anayejiona salama huongeza ujasiri. Mwaka 1975 mwanauchumi Sam Peltzman alitoa hoja kama hiyo kuhusu magari ya Marekani, akisema kwamba madereva waliopewa vifaa vya usalama huendesha kwa uzembe zaidi hata faida ikapotea. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, lakini mikanda ya magari imeendelea kuokoa maisha, na si haki kuifanya sababu ya kumnyima mtu kinga.

Jambo la kuuliza ni akiba hiyo inaziba pengo gani. Kamba ya pili humwokoa aliyeikata ya kwanza, au ambaye tawi lililoibeba limevunjika. Kamba zote mbili zikifungwa kwenye tawi moja, kwa kweli ni kamba moja iliyogharimu mara mbili. Na mti mzima ukiwa umeoza shinani, hata kamba tano hazisaidii.

Katika pwani ya Afrika Mashariki pengo lenyewe ni jingine. Mkwezi wengi wamwonao hupanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, au kwa kitanzi cha kamba miguuni. Kitanzi hicho ni cha kukwelea. Mikono ikiachia, hakimzuii kuanguka. Mnazi mrefu huweza kupita mita 20. Mwili unaoanguka mita 10 hufika chini kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, na wa mita 20 kwa kilomita 70. Kwa mtu huyo, kamba ya kwanza ina thamani kuliko mjadala wote wa kamba ya pili. Ukanda imara unaozunguka shina na kushikana na mkanda wa mwilini ungetosha kwa sehemu kubwa ya safari, kwa kuwa shina la mnazi halina matawi ya kumlazimisha aufungue njiani. Mkarafuu ni kinyume chake. Matawi ni mengi, huvunjika kwa urahisi, na karafuu ziko nchani. Kila akihama, mchumaji hulazimika kujifungua, na hapo ndipo ukanda wa pili unapofanya kazi ya kweli: mmoja haufunguliwi kabla mwingine haujafungwa.

Kujifunga kamba ya kawaida kiunoni ni jambo la kuonywa. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya kuzuia anguko huweka kikomo cha nguvu ya mshtuko kuwa kilonyutoni 6, karibu sawa na uzito wa kilo 600, na hutaka mkanda unaoigawa nguvu hiyo mapajani na kifuani. Kamba ya katani haina kifaa cha kupunguza mshtuko. Ikiwa imelegea mita mbili, hukaza ghafla juu ya tumbo na pingili za kiuno. Hivyo mgonjwa asemaye kwamba kamba ilimwokoa apimwe kwa makini: bandama au ini huweza kuvuja damu polepole huku ngozi ikionyesha mchubuko mdogo tu.

Aliyeokolewa na kamba huweza pia kubaki ananing'inia. Asipotikisa miguu, damu hutuama huko na anaweza kuzirai, kwa hiyo ashushwe haraka. Zamani ilifundishwa kwamba akishushwa aketishwe, asilazwe. Mapitio yaliyofanywa mwaka 2009 kwa ajili ya mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza hayakuona msingi wa mafundisho hayo. Huduma ya kwanza ya kawaida ifuatwe. Aliyefika chini kwa kishindo asiinuliwe kwa mikono na miguu wala kupakiwa kwenye pikipiki. Kichwa, shingo na kiwiliwili vishikwe katika mstari mmoja, na ageuzwe na watu kadhaa kwa pamoja.

Katika faili lake, baada ya W14, sentensi tatu zaidi zingewasaidia watakaotaka kulijibu swali hili kwa hesabu: kama alikuwa amefungwa, amefungwa wapi mwilini na wapi mtini, na kilichoachia kilikuwa nini, mkono, tawi, fundo au kamba.