Dawa ya Kila Siku na Wajibu wa Jamaa za Mgonjwa

Ndugu msomaji, wengi hudhani kwamba kumhudumia mgonjwa kumekwisha pale anapopewa dawa na tabibu. Kwa homa ya siku tatu pengine ni kweli. Lakini yako maradhi yanayokaa na mtu miaka mingi, kama shinikizo la damu, kisukari na kifafa, na katika hayo kupewa dawa ni mwanzo tu. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza ya kuwa hata katika nchi tajiri ni kiasi cha nusu tu ya wagonjwa wa namna hiyo wanaofuata matibabu yao kama walivyoagizwa.

Kwa nini huacha? Mara nyingi ni kwa sababu wamepata nafuu. Shinikizo la damu aghalabu halina maumivu. Mgonjwa hupimwa, akaambiwa yu sawa, naye husema, "Nimepona." Hajapona! Dawa ndiyo iliyolizuia shinikizo, na akiiacha litapanda tena kimya kimya, pengine mpaka siku ya kiharusi. Mweleze jambo hili mapema, kabla hajaanza kumeza.

Wengine huacha kwa taabu ya dawa yenyewe. Metformin, dawa ya kisukari, huwachafua baadhi ya watu tumbo. Ikimezwa pamoja na chakula, taabu hupungua. Lakini utajuaje kama ameacha? Ukimwuliza kwa ukali atasema amemeza. Mwulize kwa upole, "Wiki hii ni dozi ngapi zilizokupita?" Swali hilo humpa nafasi ya kusema kweli.

Sasa laja swali ambalo wanaoanza kujifunza Uislamu huliuliza sana: Je, si thawabu kubwa zaidi mgonjwa kuacha dawa ili afunge Ramadhani? La, hasha. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqarah, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa amewekewa fidia ya kumlisha maskini. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaagiza watu watafute matibabu. Basi anayeikataa ruhusa hiyo na kujidhuru ameongeza kitu gani katika dini? Ni kweli kwamba vidonge vingine vya mara moja kwa siku vyaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Lakini insulini, na baadhi ya vidonge vya kisukari, vyaweza kuishusha sukari ya mwenye kufunga hata akazimia. Kwa hiyo amwone tabibu wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, wala asijipangie mwenyewe.

Anayeswali tayari anazo nyakati tano katika siku yake. Dawa ya asubuhi na iwekwe mahali atakapoiona baada ya swala ya Alfajiri, mbali na mikono ya watoto. Nawe kila Ijumaa hesabu vidonge vilivyobaki. Vikiwa vya wiki moja tu, mtume kijana dukani au hospitalini siku ya pili yake.