KUFUNDISHA TATHMINI YA ATHARI KWA MAZINGIRA: SOMO LA MTO NA SHAMBA

Utangulizi

Mwalimu anayepangiwa kazi kijijini hufika na chaki na vitabu vyake, lakini haupiti muda kabla hajaombwa kufanya kazi isiyomo katika muhtasari wa masomo. Huombwa asome barua, aandike kumbukumbu za mkutano, au aeleze maana ya taarifa iliyoletwa na wageni wanaotaka ardhi. Taarifa hiyo huwa na kurasa nyingi, na wanakijiji hupewa siku chache tu za kuitolea maoni. Neno atakalolisema mwalimu siku hiyo laweza kuwa na uzito kuliko masomo yake yote ya mwaka.

Kwa sababu hiyo sisi wakufunzi wa Jiografia hapa Songea tumeona kwamba tathmini ya athari kwa mazingira haifai kufundishwa kama fasili ya kukariri. Ni lazima mwanachuo aifanye kwa mikono yake, apime maji, ahesabu, kisha asimame mbele ya wenzake aitetee hesabu yake. Katika makala haya tunaeleza namna tunavyolipanga somo hilo, tukitumaini kwamba wakufunzi wa vyuo vingine watalirekebisha kulingana na mahali walipo.

Maana ya tathmini

Tathmini ya athari ni uchunguzi unaofanywa kabla ya mradi kuanza, ili ijulikane mradi huo utaibadilisha vipi ardhi, maji, mimea, wanyama na maisha ya watu, na nini kifanyike ili madhara yaepukwe au yapunguzwe. Neno la kusisitizwa hapa ni "kabla". Uchunguzi unaofanywa baada ya miti kuangushwa una kazi yake, lakini hauwezi tena kumsaidia mtu kuamua.

Utaratibu huu ulipata nguvu ya sheria kwanza nchini Marekani, ambako sheria ya sera ya mazingira ilitiwa sahihi tarehe 1 Januari 1970. Mkutano wa mataifa uliofanyika Rio de Janeiro mwaka 1992 uliutaja katika kanuni yake ya 17, na tangu hapo nchi nyingi zimeuingiza katika sheria zao.

Funzo la historia: mpango wa karanga

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mradi uliotangulia uchunguzi. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, iliamua kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulichunguza nchi hiyo kubwa kwa muda wa wiki tisa hivi, na maeneo mengi yalitazamwa kutoka angani. Kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea.

Yaliyofuata yanajulikana. Huko Kongwa mvua ilikuwa haba na isiyotabirika. Udongo wake, ukikauka, uligeuka mgumu kama tofali, na karanga zikawa hazing'oleki. Mchanga mkali ulikula vyuma vya majembe. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na hasara iliyofutwa katika vitabu ilifikia pauni milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga ilikosa mizigo, ikang'olewa katika miaka ya 1960.

Tunapowasimulia wanachuo habari hii, wengi hucheka. Yafaa mkufunzi awaachie wacheke, kisha awaulize: Ni nani aliyejua habari za mvua ya Kongwa kabla ya mwaka 1946? Jibu ni kwamba waliijua Wagogo waliokuwa wakiishi huko na kupanga mifugo na mashamba yao kwa kuiogopa mvua hiyo. Elimu ilikuwapo, ila haikuulizwa. Hilo ndilo funzo la kwanza la tathmini.

Sheria inasemaje

Mwanachuo azijue sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo iliagiza kwamba mradi wa aina inayohitaji tathmini usianze wala kugharimiwa kabla tathmini haijafanyika, kwamba watu watakaoathirika washirikishwe, na kwamba mradi upate cheti cha mazingira. Kanuni za utekelezaji zilitolewa mwaka 2005 na kurekebishwa mwaka 2018. Sheria hiyohiyo ilikataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, pale ambapo zinaweza kuudhuru.

Ya pili ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwa sheria hii, ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa, ikiwa haizidi hekta 250 Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, lakini ni baada ya kuyazingatia mapendekezo ya Mkutano Mkuu. Wanachuo wengi hudhani kwamba mwenyekiti na Halmashauri ya Kijiji wanaweza kumaliza jambo hili wenyewe. Mkufunzi asiache dhana hiyo ipite.

Mkoa wetu wa Ruvuma una mifano inayoonyesha kwamba mambo haya si ya vitabuni. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia, katika kikao chake cha Saint Petersburg, ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la urani la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, libaki nje ya urithi. Mpaka wa ramani ulihama, lakini maji hayafuati mipaka iliyochorwa. Maji ya upande ule huelekea bonde la Rufiji. Kwa hiyo swali la tathmini daima ni hili: maji yakitoka hapa, yanakwenda kwa nani?

Somo lenyewe

Madhumuni: Mwishoni mwa somo mwanachuo aweze kupima wingi wa maji ya kijito, kulinganisha maji hayo na mahitaji ya mradi, kutaja watakaofaidika na watakaodhurika, na kupendekeza njia nyingine.

Vifaa: Kamba ya mita 10, rula ndefu au fimbo iliyotiwa alama, saa yenye mshale wa sekunde, chungwa moja, daftari na kalamu. Hakuna kifaa ambacho shule ya kijijini haiwezi kukipata.

Muda: Vipindi viwili darasani na asubuhi moja nje.

Hatua ya kwanza. Wanachuo wapewe pendekezo la mfano, lililotungwa kwa ajili ya somo. Sisi hutumia hili: mwekezaji anaomba hekta 300 katika kijiji kilicho kando ya kijito, alime kahawa ya kumwagilia. Anaahidi ajira, barabara na zahanati. Waulizwe kwanza ni nani mwenye mamlaka ya kuamua. Kwa kuwa hekta zimezidi 250, jibu linapatikana katika sheria tuliyoitaja.

Hatua ya pili. Darasa liende mtoni. Songea ina bahati katika jambo hili, maana Mto Ruvuma wenyewe unaanzia katika milima ya Matogoro, karibu na mji, kabla ya kuzunguka na kuwa mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Kijito chochote kinafaa. Wanachuo wapime upana wa maji na wastani wa kina. Kisha waliache chungwa lielee mita 10, na wahesabu sekunde. Chungwa ni zuri kuliko kijiti, kwa sababu huzama nusu na halisukumwi sana na upepo.

Tuseme upana ni mita 2, kina ni mita 0.3, na chungwa limetumia sekunde 25. Mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Tukizidisha 2 kwa 0.3 kwa 0.4 tunapata mita za ujazo 0.24 kwa sekunde. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, hivyo tunazidisha tena kwa 0.8, tunapata 0.192, yaani lita 192 kwa sekunde. Kwa siku moja yenye sekunde 86,400, hizo ni mita za ujazo 16,589 hivi.

Hatua ya tatu. Darasa likokotoe mahitaji ya shamba. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Tukikadiria kwamba wakati wa kiangazi shamba litahitaji milimita 4 kwa siku, hekta moja itataka mita za ujazo 40, na hekta 300 zitataka 12,000. Gawanya kwa 16,589: shamba litachukua asilimia 72 ya kijito.

Hapa darasa hunyamaza, na ni vema mkufunzi naye anyamaze kidogo.

Hatua ya nne. Mkufunzi aulize: Tulipima mwezi gani? Songea ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba au Desemba hadi Aprili. Kijito kilekile kikipimwa mwezi Machi huonekana kinatosha mashamba mawili. Kikipimwa mwishoni mwa Oktoba, huenda hakitoshi hata robo ya shamba moja. Taarifa inaweza kuwa na tarakimu za kweli tupu na bado ikapotosha, kwa sababu tu ilipimwa wakati wa masika. Basi mwanachuo akiletewa taarifa siku moja kijijini, atafute kwanza tarehe ya vipimo. Tunaliona hili kuwa jambo kubwa kuliko yote katika somo hili.

Hatua ya tano. Wanachuo wachore jedwali. Upande wa kushoto waandike kila badiliko: maji, udongo, msitu, ajira, barabara, chakula. Mbele ya kila badiliko waandike ni faida au hasara, kubwa au ndogo, ya muda au ya kudumu. Wengi hupenda kutia alama za tarakimu, kisha kuzijumlisha na kutangaza kwamba mradi umepata, kwa mfano, 14 dhidi ya 11. Mkufunzi awazuie. Zahanati iliyojengwa kijiji cha juu haifuti kiu ya kijiji cha chini. Ili kuliepuka kosa hilo tunaongeza safu moja ya mwisho yenye neno "Nani?" Nani anapata, nani anapoteza? Mara nyingi safu hiyo hudhihirisha kwamba ajira ni za vijana wenye nguvu, na hasara ni ya akina mama wenye bustani za bondeni na ya familia zinazookota uyoga na masuku porini.

Hatua ya sita. Uigizwe Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wawepo mwenyekiti, mwekezaji, afisa kilimo, kijana asiye na kazi, mama mwenye bustani ya bondeni, na mfuga nyuki. Kisha mkufunzi aingize wazee wawili wa kijiji cha chini. Darasa litagundua kwamba wazee hao hawana kura katika mkutano huo, ingawa maji yatakayopungua ni yao. Hapo ndipo wanachuo hutambua kwa nini sheria ilitaka washirikishwe wote watakaoathirika, na si wenye ardhi peke yao.

Hatua ya saba. Kila kikundi kilete njia nyingine. Hekta 100 badala ya 300 zingetumia mita za ujazo 4,000 kwa siku, yaani asilimia 24. Bwawa lingeweza kuhifadhi maji ya masika, ijapokuwa nalo linahitaji kutathminiwa. Katika miteremko, wanachuo wakumbushwe ngoro za Wamatengo wa Mbinga: mashimo yaliyopangwa safu kwa safu, nyasi zikifukiwa kwenye kingo zake, maji yakituama badala ya kuondoka na udongo. Kilimo hicho kimelisha watu katika milima mikali kwa vizazi vingi. Ni makosa kumfundisha mwanachuo kwamba utaalamu wa ardhi huletwa na mgeni tu.

Kuwapima wanachuo

Tunashauri mtihani usiulize "Taja hatua tano za tathmini". Mwanachuo apewe taarifa fupi ya ukurasa mmoja, aandike maswali matatu ambayo angeyauliza mkutanoni, na sababu ya kila swali. Alama zitolewe kwa ubora wa maswali. Asipewe alama kwa kuupinga mradi wala kwa kuuunga mkono.

Wapo wakufunzi wenzetu wanaohofu kwamba somo la namna hii litawafanya walimu wapinge maendeleo. Hofu hiyo twaielewa, kwa kuwa vijiji vyetu vinahitaji ajira, barabara na mazao ya biashara. Lakini mradi mzuri hauharibiwi na swali. Unaoharibika kwa swali ungeharibika baadaye kwa gharama kubwa zaidi, kama ilivyokuwa Kongwa.

Hitimisho

Wahenga walisema, majuto ni mjukuu. Tathmini ni njia ya kumwita mjukuu huyo mapema, ili tumsikilize kabla hajazaliwa. Ardhi ikishatolewa kwa miaka mingi, watoto walio darasani leo ndio watakaokuwa watu wazima kabla haijarudi. Wana haki ya kuwa na mwalimu aliyewahi kupima kijito, anayejua kuuliza kilipimwa mwezi gani, na anayeikumbuka safu ya mwisho ya jedwali. Tunawaomba wakufunzi watakaolijaribu somo hili watuletee katika jarida hili tarakimu za vijito vyao, zikiwa na tarehe za vipimo.