Chambo Gani kwa Panya Gani?



Mahindi yakishaingia ghalani kazi bado haijaisha. Mkulima amelima, amepalilia, amevuna na kupukuchua. Usiku analala, mara anasikia mikwaruzo darini. Hao ni panya, na hawakushika jembe hata siku moja. Asubuhi anakwenda dukani kununua mtego. Anautia punje mbili tatu za mahindi, anauweka katikati ya ghala, anarudi kulala. Siku ya kwanza kapa, siku ya pili kapa, na ya tatu hivyo hivyo. Basi anasema, "Ah, panya wa hapa kwetu wajanja mno," na mtego unatupwa nyuma ya nyumba. Safari ya pili ananunua sumu mnadani.

Hebu tumwulize mkulima huyu swali moja: panya aliyelala juu ya magunia kumi ya mahindi atatamani nini kwenye punje zako tatu? Somo letu la leo ni juu ya jambo hilo, yaani kuchagua chambo.

Kwanza tufanye hesabu kidogo ili tujue tunachopigania. Panya mzima wa nyumbani hula kama gramu 15 za nafaka kwa siku. Tuseme ghala lako lina panya 20, na 20 si wengi. Gramu 15 mara 20 ni gramu 300 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni gramu 9,000, yaani kilo 9. Kwa miezi sita ni kilo 54. Hilo ni zaidi ya nusu gunia la kilo 100, na hapo hatujahesabu yale yaliyochafuliwa kwa mkojo, mavi na manyoya, ambayo mara nyingi ni hasara kubwa kuliko yaliyoliwa. Kwa familia ya watu watano, nusu gunia ndiyo chakula cha ile miezi migumu kabla ya mavuno mapya. Basi tusione kuwa ni jambo la mchezo.

Tena panya si wa aina moja. Wa nyumbani ana mkia mrefu kuliko mwili wake, masikio makubwa, naye hupanda kama nyani. Yeye hukaa darini, kwenye kenchi na kwenye makuti. Panya shamba ni mdogo zaidi, hukaa mashimoni na kwenye majani, na jike lake lina chuchu nyingi sana, zinaweza kufika 24. Hubeba mimba wiki tatu na siku chache tu, na huzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Mvua zikiwa nzuri na chakula kingi, kwa miezi michache shamba zima linajaa. Yupo pia panyabuku, yule mkubwa mwenye mkia mweupe nchani, lakini huyo ana mambo yake na tutamgusa kidogo tu.

Sasa chambo. Neno la kukumbuka ni hili: panya hunaswa na kile asichokuwa nacho pale alipo. Ghalani mwenye mahindi tele hana kitoweo. Mpe dagaa aliyechomwa kidogo mpaka anukie, au kipande cha samaki mkavu, au ngozi ya nyama. Hana mafuta pia. Karanga zilizokaangwa na kupondwa zinafanya kazi vizuri sana, na kwa watu wa pwani kipande cha nazi kilichobanikwa motoni hakina mpinzani. Jikoni, ambako mabaki ya samaki na mafuta hayakosekani, geuza mambo: hapo jaribu kitu kitamu kama ndizi mbivu.

Kiangazi kikali kinaleta jambo jingine. Ghala ni kavu, mtoni ni mbali, na panya wa nyumbani anahitaji maji. Wakati huo kipande cha nyanya, papai au kiazi kitamu kibichi kinaweza kushinda hata karanga. Ni ajabu, lakini ndivyo. Mwenye kiu hafikirii kitoweo.

Liko na jambo la tatu ambalo wengi hatulifikirii, nalo si chakula kabisa. Panya jike anayekaribia kuzaa hutafuta vitu vya kutengenezea kiota. Funga kipande cha pamba, sufi au uzi wa katani kwenye kile kijibati cha chambo. Atakuja kuuvuta, na mtego utafyatuka. Uzuri wake ni kwamba sisimizi hawali pamba. Tena ukimnasa jike kabla hajazaa, umepata kumi kwa mmoja.

Kuhusu harufu tuseme zaidi kidogo, maana panya huona kwa pua kuliko kwa macho. Wako wataalamu pale Morogoro, wa shirika la APOPO lililo pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanaofundisha panyabuku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya akipatia, hupewa ndizi. Mmoja wao aliyeitwa Magawa alipelekwa Kambodia akagundua mabomu 71, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza. Sasa kama panya ananusa bomu lililofukiwa chini ya udongo, je, atashindwa kunusa karanga yako? Ndiyo maana chambo kilichokauka au kilichoota ukungu hakifai. Kibadilishe kila jioni. Chambo kizuri ni kile ambacho hata wewe ukipita unasikia harufu yake.

Watafiti wanaotega panya mashambani mara nyingi hutumia karanga zilizosagwa laini na kuchanganywa na pumba au unga wa mahindi. Karanga huleta harufu, na pumba huleta uzito, mchanganyiko usiyeyuke kwa joto. Nasi tunaweza kufanya hivyo hivyo nyumbani. Chukua vijiko viwili vya karanga za kukaanga zilizotwangwa mpaka zitoe mafuta, kijiko kimoja cha pumba, ukande. Tengeneza kidonge kidogo kama punje ya kunde. Usitie kikubwa. Kidonge kikubwa panya atakidokoa pembeni na kuondoka zake bila kugusa mtego. Dagaa naye afungwe kwa uzi, asinyakuliwe hivi hivi.

Wapo watu wanaochemsha mtego eti kuondoa harufu ya binadamu. Kwa panya wa nyumbani hiyo ni kazi bure, maana yeye anaishi nasi na harufu yetu ameizoea tangu kuzaliwa. Mtego uliokwisha kushika panya suuza kwa maji, uanike juani, basi. Usiusugue kwa sabuni yenye manukato. Harufu ya panya mwenzake haimfukuzi, mara nyingi humvuta.

Hata hivyo chambo kizuri peke yake hakitoshi, kwa sababu panya wa nyumbani anaogopa kitu kigeni. Ana sababu. Panya hawezi kutapika kama sisi, akila kibaya kimemwingia. Kwa hiyo kitu kipya hukizunguka siku kadhaa, hukinusa, hudokoa kidogo, halafu husubiri. Dawa yake ni kumzoesha. Weka mitego yenye chambo lakini usiitege. Muda wa siku tatu au nne ale bure. Utaumia moyo kuona anakula karanga zako, lakini vumilia. Ukiona chambo kinakwisha kila usiku, siku ya tano tega yote kwa pamoja. Mtego mmoja hautoshi. Weka mitano au sita, hata ya kuazima kwa jirani, maana usiku ule wa kwanza ndio wenye mavuno, na watakaobaki watashtuka. Panya shamba hana woga kama huo. Yeye huweza kuingia usiku wa kwanza.

Mahali pa kuweka? Panya hapiti katikati ya chumba. Hufuata ukuta, ubavu wake ukigusana na ukuta, nawe utaona alama nyeusi ya mafuta mahali anapopita. Hapo ndipo pa mtego. Kile kichwa chenye chambo kielekee ukutani. Kwa wale wa darini, funga mtego juu ya boriti wanayopitia. Ukiuweka sakafuni utangoja sana.

Kwa shambani, mtego rahisi ni ndoo. Itie maji kama theluthi moja. Toboa kopo tupu mbele na nyuma, lipitishe waya, lilaze juu ya mdomo wa ndoo lizunguke. Lipake karanga katikati, kisha egemeza mti mwembamba wa kupandia. Panya akikanyaga kopo linazunguka, anatumbukia, na kopo liko tayari kwa mwingine. Kwa usiku mmoja unaweza kupata wengi. Lakini ndoo yenye maji ni hatari kwa mtoto mdogo, kwa hiyo isiwekwe uani watoto wanapocheza, na asubuhi imwagwe.

Kwa nini tunasema shambani? Kwa sababu panya shamba hufukua mbegu za mahindi siku zile zile zilipopandwa, akafuata na miche ikiota. Ukianza kutega wakati mbegu zimo ardhini, chambo chako kinashindana na mbegu elfu. Tega kabla, wakati shamba limelimwa na kufyekwa pembeni, chakula hakuna. Wakati huo hata kidonge kidogo cha karanga na pumba ni karamu. Na majirani watege siku zile zile. Ukitega peke yako, wa shamba la pili watahamia kwako.

Sasa tuje kwenye sumu. Hatusemi sumu haina kazi. Mabwana shamba huitumia panya wanapofurika mashambani, kwa utaratibu na vipimo. Tunazungumza juu ya vile vipakiti visivyo na maandishi vinavyotembezwa mitaani. Hujui ni dawa gani, hujui dozi, na mtoto akila hata mganga hospitali hajui amtibu nini. Ile sumu ya unga wa kijivu cheusi inayonuka kama kitunguu saumu, ikifika tumboni hutoa gesi inayoua, na haina dawa ya kuizimua. Wahenga walisema mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo, na sumu ndiyo zaidi. Paka atakula panya aliyekufa naye afe, na bundi vilevile, na hao ndio waliokuwa wakikusaidia bila mshahara. Panya mwenyewe atafia darini aoze huko. Chambo chenye sumu kisiwekwe kamwe ndani ya ghala la chakula. Na kwa ndugu zetu wa sehemu za kusini ambao panya wa shambani ni kitoweo chao, tunasema: msile panya ambaye hamjui amekufaje.

Asubuhi ukikuta mtego umeshika, usimshike panya kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, mzike shimoni au mchome moto, halafu nawa kwa sabuni. Mkojo wa panya unaweza kubeba vijidudu vya homa ya mgunda, ugonjwa ambao mwezi Julai 2022 ulitangazwa katika mkoa wa Lindi, na watu watatu walikuwa wamekufa. Viroboto wake nao wanaweza kubeba tauni. Wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni tangu mwaka 1980 kwa miaka zaidi ya ishirini, na watu zaidi ya 7,000 waliugua. Panya akifa na kupoa, viroboto humtoka na kutafuta damu nyingine ya moto. Kwa hiyo ukiona panya wanakufa wenyewe ovyo ovyo kijijini, usitege wala usiguse. Kimbia kwa mganga wa zahanati ukatoe habari.

La mwisho ni daftari. Tumejifunza kusoma na kuandika, basi tuitumie elimu hiyo. Andika tarehe, mahali, chambo, na idadi ya panya. Tuseme mitego mitatu ya dagaa kwa usiku nne imenasa panya 6, na mitego mitatu ya nyanya kwa usiku zile zile imenasa 2. Mitego 3 mara usiku 4 ni 12. Dagaa amepata 6 katika 12, yaani nusu. Nyanya imepata 2 katika 12. Hapo hubishani na mtu kuhusu chambo bora cha ghala lako, daftari linasema. Mwezi wa nane, ukame ukizidi, pima tena. Huenda nyanya ikapanda.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ghala la mama mmoja limejaa mpunga, na jirani yake ni mvuvi anayeanika dagaa. Kila mmoja atumie chambo gani? Kwa nini?

2. Panya 30 wanakula gramu 15 kila mmoja kwa siku. Watakula kilo ngapi kwa siku 60? Kwa bei ya mahindi ya sokoni kwenu, hizo ni shilingi ngapi, na mitego mingapi ingenunuliwa?

3. Katika kijiji chenu, nani anauza sumu isiyo na maandishi, na watoto wa nyumba zinazoinunua wanalala wapi?