Msimbo P2002: Kabla ya Kulipia Chujio Jipya la Gari la Dizeli

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi ya gari la dizeli, fundi huchomeka kifaa cha kusomea kompyuta katika soketi iliyo karibu na usukani, na punde husoma herufi moja na tarakimu nne. Hapo ndipo mlaji huweza kuambiwa kwamba chujio la masizi limekufa na sharti linunuliwe jingine. Chujio hilo ni miongoni mwa vipuri ghali vya gari la dizeli. Kwa hiyo yafaa mwenye gari ajue msimbo umesema nini na haukusema nini.

Tuchukue msimbo P2002. Maana yake ni kwamba ufanisi wa chujio umeshuka chini ya kiwango kilichowekwa. Kompyuta hailioni chujio lenyewe. Katika magari mengi hutegemea kihisi cha tofauti ya presha, ambacho huunganishwa kwa mipira miwili: mmoja hutoka mbele ya chujio, mwingine nyuma yake. Masizi yakijaa, moshi hupita kwa shida na tofauti hupanda. Chujio likipasuka, au aliyemiliki gari awali akiwa amelitoboa na kuondoa kiini chake, moshi hupita bila kizuizi na tofauti hushuka. Mpira uliochanika au kuchomoka nao huweza kuidanganya kompyuta, ingawa chujio ni zima kabisa.

Kwa kawaida, masizi yaliyozidi huleta msimbo mwingine, P2463, ilhali P2002 mara nyingi hutokea presha inapokuwa ndogo kuliko inavyotarajiwa. Watengenezaji hawafanani katika jambo hili, na wapo wanaotumia P2002 hata kwa chujio lililoziba. Ndiyo sababu neno "limeziba", likitamkwa kabla ya kipimo chochote, halitoshi kuwa msingi wa malipo.

Mwombe fundi asifute msimbo kwanza. Pamoja nao, kompyuta huhifadhi hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea, kama vile mwendo, joto la injini na mizunguko yake. Taarifa hizo zikifutwa, ushahidi umepotea. Kisha swichi iwashwe bila injini kuunguruma, na kihisi kisomwe. Wakati huo hakuna moshi unaopita, hivyo tofauti ya presha inapaswa kuwa sifuri au karibu nayo. Ikisomeka vinginevyo, mtuhumiwa wa kwanza ni kihisi au nyaya zake.

Mipira ifuatie. Ichunguzwe kama imechanika, imeyeyuka kwa joto, imeziba kwa masizi au imebadilishana nafasi baada ya matengenezo ya awali. Ukaguzi huu hauhitaji kifaa cha bei kubwa, lakini ndio unaorukwa mara nyingi, pengine kwa sababu hauna faida ya kuuza kipuri. Baada ya hapo injini iwashwe, kipimo kisomwe ikiwa haijakanyagwa mafuta, kisha kwenye mizunguko takribani 2,500 kwa dakika, na matokeo yalinganishwe na takwimu za mtengenezaji wa gari hilo. Presha isiyopanda hata kidogo, ilhali kihisi na mipira ni mizima, huashiria kiini kilichopasuka au kuondolewa. Injini ikiwa imezimwa na bomba kupoa, pitisha kitambaa cheupe ndani ya ncha ya bomba la moshi: masizi meusi mengi huunga mkono shaka hiyo. Tazama pia alama za kuchomelea kwenye ganda la chujio, hasa kwa gari lililonunuliwa likiwa limetumika.

Presha ikiwa juu, swali linabadilika: masizi yametoka wapi? Safari fupi za mjini haziupi moshi joto la kutosha kuyachoma. Kazi hiyo huhitaji takribani nyuzijoto 600 za Selsiasi. Nozeli zinazovuja na vali ya kurudisha moshi iliyokwama nazo huongeza masizi. Majivu ya oili, kwa upande wake, hayaungui. Huondolewa kwa kusafisha chujio. Fundi akitaka kuchoma masizi kwa kuiamuru kompyuta, kwanza apime oili ya injini, kwa kuwa dizeli huweza kuwa imechanganyika nayo, na gari liwekwe mahali pa wazi, mbali na majani makavu.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Kabla ya kuidhinisha kazi, taka maandishi yanayotaja msimbo uliosomwa, presha injini ikiwa imezimwa na ikiwa inaunguruma, na hali ya mipira. Chujio likibadilishwa, omba uonyeshwe la zamani, udai risiti ya EFD, na udhamini wa kipuri uandikwe muda wake.