Ukifika Udaipur, Anza na Maji

Wiki hii namjibu mdogo wetu anayesoma Ahmedabad, India. Mama yake anakwenda kumtembelea likizo hii, nao wanafikiria kwenda Udaipur siku tatu. Wamesikia ni mji wa maziwa na makasri, lakini wanahofu kwamba ni mahali pa matajiri, na fedha zao ni za kubana. Anauliza: dada, twende au tuache?

Nendeni, mdogo wangu. Kutoka hapo ulipo ni kama kilomita 260, basi lipo na treni ipo. Ila naomba jambo moja: msiende kwa ajili ya makasri peke yake. Watu wengi hupiga picha za kuta nyeupe juu ya maji wakarudi zao, wasijue kwamba maziwa yale hayakuwepo. Yamejengwa kwa mikono ya watu.

Udaipur iko Rajasthan, jimbo lenye jangwa upande wa magharibi na mvua ya miezi michache tu kwa mwaka, Julai hadi Septemba. Ziwa Pichola, lile maarufu kuliko yote, inasimuliwa lilianza karne ya 14, pale msafirishaji wa nafaka wa jamii ya Banjara alipoziba kijito kwa tuta. Mwaka 1559 Maharana Udai Singh II, mtawala wa ufalme wa Mewar, akaanzisha mji kando ya maji hayo na kulipanua ziwa. Alikuwa na sababu. Makao yake ya zamani, ngome ya Chittorgarh, yalikuwa yakiandamwa na maadui, na kweli mwaka 1568 yakaangukia mikononi mwa Akbar, mfalme wa Mughal. Udaipur imezungukwa na milima ya Aravalli. Milima iliwakinga na adui, na mabondeni ndimo walimoweza kukinga maji.

Watawala waliofuata wakaendelea kujenga. Ziwa Fateh Sagar lilijengwa karne ya 17, tuta lake likajengwa upya mwishoni mwa karne ya 19, na leo limeungana na Pichola kwa mifereji. Kwenye kisiwa kidogo ndani yake wanasayansi wamejenga kituo cha kuchunguza jua, maana maji huituliza hewa na jua huonekana vizuri zaidi. Lakini linalonigusa zaidi ni ziwa Rajsamand, kama kilomita 65 kaskazini mwa mji. Lilijengwa na Maharana Raj Singh miaka ya 1660 na 1670, baada ya njaa kali, na ujenzi wake uliwapa wananchi kazi ya kuwalisha. Njaa ilipita, maji yakabaki hadi leo.

Sasa tuje kwenye ratiba. Siku ya kwanza msikimbilie kulipa kiingilio popote. Jioni mwende Ambrai Ghat, kando ya Pichola, mkae kwenye ngazi zinazoshuka hadi majini. Mbele yenu mtaliona Kasri la Mji likitanda ukingoni, na katikati ya maji ni kasri la Jag Niwas, lililojengwa miaka ya 1740 na Maharana Jagat Singh II. Siku hizi ni hoteli ya bei kubwa, na ndiyo inayowatia watu hofu. Kuiona hakuna anayelipa, na kutoka ng'ambo ndiko inakopendeza.

Siku ya pili ingieni Kasri la Mji asubuhi, kabla ya msongamano. Mkifika ua wa Mor Chowk, msogelee ukuta. Mtaona tausi waliotengenezwa kwa maelfu ya vipande vidogo vya vioo vya rangi, buluu na kijani, kila kipande kimepachikwa kwa mkono. Kisha pandeni hadi Badi Mahal, ambako kuna bustani yenye miti mikubwa juu kabisa ya jengo. Msishangae: kasri limejengwa likakizunguka kilima, na miti ile imeota juu ya kilima chenyewe.

Hatua chache kutoka hapo ni hekalu la Jagdish, la mwaka 1651. Mama apande ngazi zake polepole, ni nyingi na zimesimama. Viatu vinavuliwa, mabega yafunikwe, kwa hiyo beba mtandio. Jioni mwende Bagore ki Haveli, kando ya Gangaur Ghat, mkaangalie ngoma za Rajasthan. Kuna mama hucheza akiwa amepanga mitungi kichwani mmoja juu ya mwingine, na bado anakanyaga bila kuyumba. Kateni tiketi mapema.

Siku ya tatu chukueni mashua hadi kisiwa cha Jag Mandir. Hapo ndipo alipopewa hifadhi mwanamfalme Khurram wa Mughal, alipoasi dhidi ya baba yake miaka ya 1620. Baadaye alitawala kwa jina la Shah Jahan, akajenga Taj Mahal.

Mambo madogo ya kuzingatia: nendeni kati ya Oktoba na Machi. Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40 na maji hupungua. Bajaji patana bei kabla hujapanda. Vyumba vya bei nafuu viko kwenye vichochoro vya mji wa zamani. Chakula, ombeni dal baati churma: madonge ya ngano yaliyookwa, yakavunjwavunjwa na kumwagiwa samli na dengu, na kando yake utamu wa churma.

Na hili nalisema kwa mkazo. Msitupe hata mfuko mmoja wa plastiki ziwani. Imewahi kutokea miaka ya ukame Pichola likakauka, watu wakatembea kwa miguu pale penye mashua leo. Maji yale ni urithi wa watu walioteseka kuyapata, na wenyeji bado wanayategemea. Mgeni mwenye adabu huyatunza kama mwenyeji.

Mama yako amekusomesha kwa jasho lake. Mpeleke akaone kazi ya jasho la wengine, na umweleze wewe mwenyewe historia hii mkiwa mmekaa pale kwenye ngazi za Ambrai. Safari njema, mdogo wangu.