Somo kwa Vyama vya Msingi: Gia Isiyo na Ngazi katika Baiskeli na Maguta ya Umeme

Shabaha ya somo: Baada ya kusoma na kujadili somo hili, katibu na mwanachama waweze (a) kueleza kazi ya gia inayojibadilisha bila ngazi, (b) kukadiria nguvu ambayo mlima wa kijiji chao unaidai, na (c) kuuliza maswali yapasayo kabla fedha za chama hazijatoka.



Vyama vyetu vinavyokusanya maziwa, mboga na mazao mengine vimeanza kuletewa bei za baiskeli na maguta ya umeme. Miongoni mwa sifa zinazotajwa na wauzaji ni kwamba chombo kina gia inayojibadilisha yenyewe, kwamba kwa sababu hiyo hupanda mlima wowote, na kwamba betri yake hudumu maradufu. Sifa ya kwanza yaweza kuwa kweli. Ya pili na ya tatu hazina budi kupimwa kwa hesabu, maana fedha itakayolipwa ni jasho la wanachama.

1. Kazi ya gia ni nini?

Miguu ya mtu hufanya kazi vizuri inapozungusha pedali kwa mwendo wa wastani, aghalabu kati ya mizunguko 60 na 90 kwa dakika. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanamichezo, aweza kutoa nguvu ya wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu bila kuchoka sana. Mota ya umeme nayo ina mwendo wake unaoifaa. Ikizunguka polepole mno huku imebeba mzigo mzito, sehemu kubwa ya umeme hugeuka kuwa joto badala ya kuwa mwendo.

Gia ni mpatanishi kati ya mwendo wa pedali au mota na mwendo wa gurudumu. Penye mlima gurudumu huzunguka polepole kwa nguvu nyingi. Penye tambarare huzunguka kasi kwa nguvu kidogo. Lazima ieleweke kwamba gia haizalishi nguvu hata kidogo. Hubadilisha tu namna ya kuitumia nguvu iliyopo, na yenyewe hutoza ushuru wake mdogo kwa msuguano.

Gia tulizozoea zina ngazi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gia isiyo na ngazi hupita kutoka uzito hadi wepesi kwa mfululizo, kama mtu ateremkaye mteremko laini badala ya kushuka ngazi za nyumba.

2. Namna zinavyofanya kazi

Namna ya kwanza ni ya mkanda na puli mbili. Kila puli ina pande mbili zilizochongwa kama pia. Pande hizo zikikaribiana, mkanda hupanda juu. Zikiachana, mkanda huzama. Hivyo puli moja huwa kama imekua na nyingine kama imepungua. Kampuni ya DAF ya Uholanzi iliitumia namna hii katika gari lake dogo mwaka 1958, na leo imo katika skuta nyingi za petroli zisizo na klachi ya mguu wala ya mkono.

Namna ya pili ni ya gololi, na ndiyo inayotumika zaidi katika baiskeli. Ndani ya habu ya gurudumu la nyuma hupangwa gololi kubwa kati ya sahani mbili. Ili kuelewa, shika chungwa kwa vidole viwili, kimoja kwenye kikonyo na kingine upande wa pili, kisha ulizungushe. Sehemu ya tumboni husafiri njia ndefu, ilhali sehemu iliyo karibu na kikonyo husafiri njia fupi. Gololi zikiinamishwa, sahani moja huzigusa karibu na tumbo na nyingine karibu na kikonyo, na hapo mwendo hubadilika. Nguvu haipitishwi kwa meno, bali kwa mafuta maalumu ambayo yakibanwa sana hushika badala ya kuteleza.

Habu ya aina hii inayojulikana sana ni NuVinci ya kampuni ya Fallbrook ya Marekani, ambayo siku hizi huuzwa kwa jina la Enviolo. Toleo lake la N360, lililotolewa mwaka 2010, huweza kulizungusha gurudumu kuanzia nusu ya mzunguko hadi mzunguko 1.8 kwa kila mzunguko mmoja wa sproketi yake. Katika matoleo yanayojibadilisha yenyewe, mpandaji huchagua mwendo wa miguu anaoupenda, na kijimota kidogo huiinamisha mitambo ya ndani ili mwendo huo usibadilike, iwe mlimani au bondeni.

3. Swali la kwanza: mota iko wapi?

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawaliulizi. Mota huweza kuwekwa mahali pawili.

(a) Mota ya gurudumu. Mota imo ndani ya gurudumu lenyewe na hulizungusha moja kwa moja. Nguvu yake haipiti katika mnyororo, kwa hiyo haipiti katika gia. Guta likiwa na mota ya gurudumu la mbele na habu ya gololi kwa nyuma, gia hiyo huisaidia miguu ya mpandaji tu; mota haipati faida yoyote.

(b) Mota ya kati. Mota imefungwa kwenye pedali, au huvuta mnyororo huohuo. Nguvu ya mota na ya miguu hupita pamoja katika gia. Hapa ndipo gia isiyo na ngazi huwa na maana kwa vyote viwili.

Tukumbuke pia kwamba mota ya umeme, tofauti na injini ya petroli, hutoa nguvu ya kuzungusha tangu ikiwa imesimama. Ndiyo maana pikipiki nyingi za umeme hazina gia kabisa na hufanya kazi yake vyema. Chama kilichoko tambarare hakina sababu ya kulipia gia ya ghali kwa ajili ya jina lake tu.

4. Hesabu ya mlima

Tuchukue mfano. Guta pamoja na betri ni kilo 60, mpandaji kilo 70, mzigo wa maziwa na madebe kilo 120. Jumla ni kilo 250. Barabara ya vumbi inapanda mita 8 kwa kila mita 100. Kwa mpando huo, na kwa kuongeza ukinzani wa barabara uliokadiriwa kuwa sehemu 2 katika 100 za uzito, nguvu ya kusukuma inayotakiwa ni sehemu moja ya kumi ya uzito wote:

250 × 9.8 × 0.10 = nyutoni 245.

Guta lina magurudumu ya inchi 26, ambayo kwa mzunguko mmoja husafiri mita 2.07 hivi. Sproketi ya mbele ina meno 36 na ya nyuma meno 20. Mpandaji anazungusha pedali mara 60 kwa dakika. Kwa habu ya N360, gia ikiwa nyepesi kabisa guta litakwenda kilomita 6.7 kwa saa. Ikiwa nzito kabisa, kilomita 24 kwa saa. Miguu haikubadili mwendo wake. Hiyo ndiyo faida ya kweli.

Sasa tutazame nguvu. Kilomita 6.7 kwa saa ni mita 1.86 kwa sekunde. Nyutoni 245 mara 1.86 ni wati 456. Mpandaji akitoa 75, mota haina budi kulifikishia gurudumu wati 381, mbali na zinazopotea njiani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme inayohesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida huruhusiwa mota ya wati 250 za kudumu na msaada hadi kilomita 25 kwa saa. Mota ya namna hiyo huweza kutoa zaidi kwa muda mfupi, lakini kupanda kwa dakika 45 si muda mfupi. Kwa hiyo mzigo upunguzwe au mota kubwa zaidi itafutwe. Mzigo ukiwa kilo 60 badala ya 120, hesabu ileile hutupa wati 346.

Je, mota ya gurudumu ingekuwaje kwenye mlima huo? Tuseme imesukwa ili kufikia kilomita 25 kwa saa, yaani mizunguko 201 ya gurudumu kwa dakika. Kwa kilomita 6.7 huzunguka mara 54 tu, karibu robo ya mwendo wake, ikivuta umeme mwingi. Joto katika nyaya hukua kwa kipeo cha pili: umeme ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Mota huchemka, na isipokuwa na kinga ya joto huungua.

Katika chama kimoja nilichokikagua, mota ya guta iliungua mara mbili katika msimu mmoja. Vocha zilikuwa sahihi na risiti zilikuwepo. Hata hivyo wanachama walimshuku katibu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaeleza kwa nini chombo kipya kiungue. Nilipopima mpando na mzigo, jibu lilionekana: kilichoiunguza mota ni mlima, si katibu. Laiti hesabu hii ingeandikwa katika muhtasari wa kikao cha ununuzi, jina la mtu mwaminifu lisingechafuliwa.

5. Je, betri hudumu maradufu?

Kupanda kilomita 5 kwa nguvu ya nyutoni 245 hutaka wati-saa 340 kwenye gurudumu, uwe na gia au usiwe nayo. Mlima haupunguzi bei. Mpandaji atachangia kama wati-saa 55; zinazobaki ni 285. Ikiwa sehemu 3 katika 10 zinapotea njiani, betri itatoa wati-saa 407. Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 ina wati-saa 720 ikiwa mpya. Safari ya pili ya namna hiyo haitakamilika bila kuchaji.

Gia nzuri yaweza kupunguza kile kinachopotea katika mota, lakini haiwezi kupunguza zile 285. Na habu ya gololi yenyewe hupoteza nguvu kuliko mnyororo safi wa gia za kawaida. Muuzaji anayeahidi nusu ya matumizi aonyeshe hesabu yake.

6. Faida na upungufu

Faida: gia hii hubadilishwa hata chombo kimesimama, jambo linalomfaa mtu anayeanza tena safari mlimani akiwa na mzigo. Mitambo imefungwa ndani, haiingii vumbi wala matope. Mpandaji mgeni haharibu mnyororo kwa kubadili gia vibaya.

Upungufu: habu ni nzito na bei yake ni kubwa. Fundi wa kijijini hawezi kuifungua. Ikiharibika, aghalabu hubadilishwa nzima. Kila habu ina kikomo cha uzito na cha nguvu ya kuzungusha, na mtengenezaji huweka kiwango cha chini cha uwiano wa meno ya mbele na ya nyuma. Fundi akibadili sproketi ili guta lipande zaidi, aweza kuivunja habu na kupoteza dhamana.

Jambo la breki lisisahauliwe. Kwa kuwa pedali zikiachwa habu hii huzunguka huru, mota ya kati haiwezi kulizuia guta kwenye mteremko. Kwenye mlima wa mfano wetu, guta la kilo 250 linapoteremka husukumwa na nyutoni 147 baada ya kuondoa ukinzani wa barabara. Zote zapaswa kubebwa na breki. Chama cha mlimani kikague breki kabla ya kuuliza habari za gia.

7. Utaratibu wa kununua

Kwanza, Bodi ipime njia yenyewe: urefu, mpando na mzigo wa kawaida. Pili, muuzaji alete guta lijaribiwe katika njia hiyohiyo, likiwa na mzigo kamili, mbele ya wanachama, na mota iguswe kuona joto lake baada ya kupanda. Tatu, ajibu kwa maandishi: mota iko wapi, vikomo vya habu ni vipi, nani ataitengeneza, vipuri vitatoka wapi, na umeme wa betri ukiisha gia itafanyaje. Nne, ikiwa ununuzi ni wa mkopo, usivuke ukomo wa madeni uliowekwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Tano, akiba ya uchakavu wa betri itengwe tangu mwezi wa kwanza.

Baada ya kununua, katibu afungue daftari la safari: tarehe, mzigo, kilomita, idadi ya kuchaji na matengenezo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hilo ndilo litakalowaambia wanachama, baada ya mwaka mmoja, kama chombo kinakilisha chama au kinakila.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika njia yenu ya kukusanya mazao, mpando mkali kuliko wote ni mita ngapi kwa kila mita 100?
2. Muuzaji anasema guta lake lina mota ya gurudumu la mbele na gia ya gololi nyuma. Je, gia hiyo inaisaidia mota? Elezeni.
3. Rudieni hesabu ya sehemu ya 4 kwa mzigo wa chama chenu. Je, mota mliyotajiwa inatosha?
4. Je, chama chenu kinahitaji gia hii, au fedha hiyo ingefaa zaidi kununua breki bora na betri ya akiba?

Majibu yaandikwe katika kitabu cha mihtasari, na nakala isomwe mbele ya mkutano mkuu kabla ya azimio la ununuzi kupitishwa.