Imani Inapopimwa Kwenye Mizani ya Korosho

Mkulima wa Marambo, wilayani Nachingwea, kama wenzake wa Ruangwa, ana vipindi viwili vya kujaribiwa kila mwaka. Kimoja ni msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, fedha zinapoingia. Kingine ni kifuku, kati ya Januari na Machi, mahindi yangali machanga shambani na ghala la mwaka jana limekwisha. Maswali ya waumini kuhusu kuishi imani kwa vitendo hutoka humo. Padre wa Kianglikana wa safu hii anayajibu.

Shikamoo, Padre. Mimi ni mzee wa kanisa. Kila kifuku watu wanakuja kwangu usiku kuomba hela ya unga, wanaahidi kunilipa korosho msimu ukifika. Simlazimishi mtu. Hii nayo ni dhambi?

Marahaba, mzee wangu. Hiyo ni kangomba, na unajua kwamba Serikali inaipiga marufuku. Lakini tuiache Serikali kidogo, tupige hesabu. Tuseme umempa jirani shilingi 50,000 mwezi wa Februari, akuletee kilo 50 za korosho akivuna. Mwaka 2018 Serikali ilinunua kilo moja kwa shilingi 3,300. Kwa bei hiyo, kilo zile ni shilingi 165,000. Unga wa siku chache umemgharimu jirani shilingi 115,000 zaidi ya ulichompa. Hukumlazimisha wewe, ni kweli. Njaa ya wanawe ndiyo iliyomlazimisha, faida ukachukua wewe.

Soma Nehemia sura ya 5. Watu waliweka rehani mashamba na mizabibu yao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia aliwakemea wakubwa hadharani, tena akataja kwamba yeye na watumishi wake nao walikuwa wakikopesha. Kisha akataka mashamba yarudishwe na riba ikome.

Kwa hiyo usifunge mlango. Endelea kukopesha, ila badilisha masharti. Aliyechukua 50,000 arudishe 50,000 akishalipwa. Aliyechukua debe la mahindi arudishe debe. Ukiona hapo hubaki na chochote, ujue umeanza kutoa.

Padre, mimi ndiye niliyekopa. Nimeahidi magunia mawili. Nikiyapeleka chama cha msingi nitakuwa mwongo, nikimpelekea tajiri nitakuwa nimevunja sheria. Nifanyeje?

Mwanangu, tenganisha deni na korosho. Fedha uliyopokea ni deni halali mbele ya Mungu, irudishe yote. Ahadi ya kuuza kwa njia ya magendo haikufungi. Peleka mzigo wako AMCOS, yaani chama chenu cha msingi, upimwe kwa mizani mbele ya macho yako, upewe stakabadhi. Mfumo wa stakabadhi ghalani umetumika kwenye korosho tangu msimu wa 2007/08, na huku kwetu minada huendeshwa kupitia chama kikuu cha RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Malipo huweza kuchelewa, na hapo ndipo wengi hushindwa. Usimkimbie aliyekukopesha. Mwendee kabla hajakufuata, ukiwa na mtu wa tatu mnayemheshimu wote wawili, mpange tarehe ya kulipa. Na kwenye gunia lako pasiwe na mawe wala korosho mbovu zilizofichwa katikati. Mambo ya Walawi 19 inadai mizani ya haki, na muuzaji hakusamehewa humo.

Ndugu wanataka jando kubwa, nami chakula changu ni cha kunifikisha Februari tu. Mkristo akatae?

Kanisa letu lilishalijadili jando zamani. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, hakulifuta. Aliliweka chini ya malezi ya Kanisa, watoto wafundwe na kuombewa. Basi mtoto aende, lakini wakati wa likizo, asipoteze masomo. Unachopaswa kukataa ni ukubwa wa sufuria. Kaa na wajomba na makungwi mapema, sema wazi una magunia mangapi na watoto wangapi. Pilau ya siku mbili isiyafanye mashamba yako yawe ya mwenye kangomba. Familia tatu zikifanya sherehe moja, heshima haipungui.

Sisi Wakristo hapa ni wachache, majirani wengi ni Waislamu. Tukipata kidogo, tusianze na wa kwetu?

Katika msiba wa Marambo, mama yangu, nani huuliza dini ya aliyechota maji? Daktari Leader Stirling alifika nchi hii mwaka 1935 kupitia UMCA, misheni ya Kianglikana, akafanya kazi Lulindi, baadaye Mnero humuhumu Nachingwea, akiwafundisha pia vijana wa huku uuguzi. Hospitali zile zilimtibu Mwislamu na Mkristo. Baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, 1975 hadi 1980. Anza na mwenye shida kubwa zaidi. Kama ni wa kwetu, sawa. Kama si wa kwetu, ni sawa vilevile.

Tunataka kufanya kitu kama jumuiya. Tuanzie wapi?

Anzeni wakati wa mavuno, msisubiri njaa. Kila kaya ilete debe moja la mahindi au mtama, mwenye makopa alete makopa. Chagueni watu watatu watunze ufunguo, mmoja wao awe mama anayejua nyumba zenye shida bila kuambiwa. Andikeni daftari. Fungueni ghala Januari, mkopeshe debe kwa debe. Wagonjwa, wazee wasio na watoto na yatima wapewe bila kurudisha, na majina yao yasisomwe kanisani.

Mwaka wa kwanza wapo watakaoshindwa kurudisha. Wasameheni wale ambao kweli hawana, wabaneni wenye nacho, na msiache kukusanya mwaka wa pili. Chakula kikiwepo Februari, hakuna atakayegonga mlango wa mwenye kangomba usiku.